Barua ya Pongezi Ina Ukurasa wa Pili

Ufadhili wa masomo kwa wanafunzi bora wanaojiunga na vyuo vikuu vya Marekani: mambo ambayo mzazi hana budi kuyasoma kabla ya kusema ndiyo

Jioni moja ya mwezi wa Aprili, katika nyumba moja ya Kisauni, Mombasa, ilifika barua pepe iliyobadilisha mazungumzo ya ukoo mzima. Binti wa nyumba hiyo, aliyekuwa amepata alama ya A katika mtihani wa KCSE, alikuwa amekubaliwa na chuo kimoja cha Marekani. Barua ilianza kwa pongezi, kisha ikaeleza kwamba kwa sababu ya ufaulu wake, chuo kimemtunuku ufadhili wa dola 24,000 kila mwaka kwa muda wa miaka 4. Babake, ambaye ni fundi seremala, alipiga hesabu ya haraka akapata dola 96,000. Hakuwahi kusikia fedha za kiasi hicho zikitajwa pamoja na jina la mtoto wake.

Habari haikulala ndani. Majirani walikuja kutoa mkono wa pongezi, mjomba anayefanya kazi Muscat akaahidi nauli, na mamake akaanza kuorodhesha nguo za baridi. Hata kiwanja cha Mtwapa, ambacho familia ilikinunua kwa akiba ya miaka mingi, kilianza kutajwa. Ilisemwa kiuzwe ili binti asiende ugenini mikono mitupu.

Aliyewazuia ni shangazi wa binti huyo, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye aliomba asomewe barua yote, na si mwanzo wake tu. Katika ukurasa wa pili palikuwa na jedwali dogo. Gharama ya mwaka mmoja, yaani karo, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya, ilikuwa dola 58,000. Shangazi akauliza kwa upole: “Na hizi elfu thelathini na nne zilizobaki, kaka, nani atazilipa?” Sebule nzima ikanyamaza.

Familia hiyo imetuomba tusiitaje kwa jina, na chuo chenyewe hatutakitaja, kwani hakikusema uongo. Kila tarakimu ilikuwa imeandikwa mahali pake. Tumepewa ruhusa ya kuisimulia habari hii kwa sababu tunaamini nyumba nyingi za wasomaji wetu zimo njiani kuipokea barua kama hiyo, na ni heri ukurasa wa pili usomwe kabla kiwanja hakijauzwa.

Neno moja, mambo mawili

Katika lugha yetu tunalitumia neno “ufadhili” kwa kila msaada wa masomo. Vyuo vya Marekani hutenganisha mambo mawili ambayo mzazi asipoyatambua atapotea njia tangu mwanzo.

La kwanza ni ufadhili wa ufaulu. Huu hutolewa kwa mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza kwa kuangalia alama zake, matokeo ya mitihani kama SAT, uongozi wake, kipaji chake katika sanaa au utafiti, na maandishi yake. Hauulizi kama babake ni tajiri au maskini. Mtoto wa mfanyabiashara mkubwa na mtoto wa mvuvi wanaweza kuupata sawasawa.

La pili ni msaada wa uhitaji. Huu hautazami alama mara mwanafunzi anapokuwa amekwisha kukubaliwa. Hutazama kipato cha wazazi, mali yao, na idadi ya watoto wanaowategemea, kisha hukadiria familia inaweza kulipa kiasi gani. Kwa mwanafunzi kutoka nje ya Marekani, vyuo vingi hutumia fomu iitwayo CSS Profile au fomu yao wenyewe. Ile fomu ya serikali iitwayo FAFSA, inayotajwa sana, ni ya raia wa Marekani na wakazi wachache wanaotambuliwa kisheria, wala haimhusu kijana anayeomba akiwa Mombasa au Kwale.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Familia yenye kipato kidogo ikifuatilia ufadhili wa ufaulu peke yake, huenda ikapata sifa nyingi na fedha pungufu. Ikifuatilia msaada wa uhitaji bila alama za juu, huenda isipate nafasi kabisa. Mwanafunzi bora asiye na uwezo anahitaji kuielewa milango yote miwili, na kujua ni chuo kipi kina mlango upi.

Kwa nini chuo kinatoa fedha zake

Mzazi mmoja alituuliza swali ambalo wengi huliona haya: chuo kinapata nini kwa kumlipia mtoto wa watu? Ni swali la haki, na jibu lake linasaidia kuisoma barua.

Baadhi ya programu zilianzishwa kwa nia ya kulea viongozi. Ile ya Morehead-Cain katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, ilianzishwa mwaka 1945 na huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini Marekani. Iliundwa kwa kuiga mfano wa ufadhili wa Rhodes wa Oxford. Hulipia karo, malazi, chakula na vitabu, na hugharamia shughuli za mafunzo wakati wa likizo ndefu. Chuo Kikuu cha Virginia kina programu ya Jefferson Scholars, iliyoanza mwaka 1980. Programu ya Robertson, iliyoanzishwa mwaka 2000, huwaunganisha wanafunzi wa Duke na wa Chapel Hill. Hizi zote hupokea maombi ya wanafunzi wa kigeni, lakini nafasi zake ni chache na washindani wake ni wengi kutoka kila pembe ya dunia.

Lakini sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ufadhili wa ufaulu haipo katika programu za namna hiyo. Ni punguzo la bei. Vyuo binafsi vya Marekani hutangaza karo kubwa, halafu humpunguzia karibu kila mwanafunzi ambaye chuo kinamtamani. Kwa mujibu wa NACUBO, chama cha maofisa wa fedha wa vyuo vya nchi hiyo, vyuo binafsi visivyo vya kibiashara huwapunguzia wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya karo iliyotangazwa, kwa wastani. Kwa hiyo barua yenye jina zuri la rais wa chuo au la mwanzilishi wake inaweza kuwa, kwa lugha ya soko, sawa na muuza khanga anayetaja bei ya juu ili apate nafasi ya kukupunguzia.

Hatusemi haya ili kuishusha heshima ya mtoto aliyesoma kwa bidii. Punguzo hilo amelistahiki, na wapo wanafunzi ambao limewatosha. Tunasema ili mzazi ajue kwamba thamani ya ufadhili haipimwi kwa ukubwa wa kinachotolewa. Inapimwa kwa udogo wa kinachobaki.

Daraja tatu za ufadhili

Ukiacha majina, ufadhili wa ufaulu una daraja tatu. Daraja ya chini ni sehemu ya karo, kama ule wa binti wa Kisauni. Daraja ya kati ni karo yote, lakini malazi, chakula, bima na nauli hubaki kwa mzazi, na hivyo peke yake katika miji mingi ya Marekani hufikia maelfu mengi ya dola kwa mwaka. Daraja ya juu ni gharama yote, na huu ndio tuliozoea kuuwazia kila tunaposikia neno ufadhili. Kwa hakika ndio mchache kuliko yote.

Zipo pia tofauti katika namna ya kuupata. Vyuo kadhaa vya umma hutoa ufadhili kwa jedwali. Chuo Kikuu cha Alabama, kwa mfano, kimekuwa kikichapisha viwango vya fedha kwa kufuata wastani wa alama na matokeo ya mtihani wa SAT au ACT, na mwanafunzi huweza kujua mapema atapata nini. Vyuo vingine huhitaji maombi ya pekee, insha zaidi na usaili, na muda wake wa mwisho hutangulia ule wa maombi ya kawaida. Wanafunzi wengi wamekosa kwa kudhani kwamba wakiomba nafasi wameomba na fedha.

Mlango usioitwa ufadhili

Hapa pana jambo la ajabu ambalo wazazi wengi hawalijui. Vyuo vikuu 8 mashuhuri vya kundi la Ivy League, vikiwemo Harvard, Yale na Princeton, havitoi ufadhili wa ufaulu hata senti moja. Hoja yao ni kwamba kila aliyekubaliwa ni bora, basi hakuna wa kutunukiwa juu ya mwenziwe. Kijana anayetafuta kwa neno “ufadhili wa ufaulu” atavipita vyuo hivyo akidhani ni vya matajiri pekee.

Kumbe vyuo vya Amherst, Dartmouth, Harvard, MIT, Princeton na Yale havitazami mfuko wa mwombaji vinapoamua kumpokea, hata kama ametoka nje ya Marekani, na akishakubaliwa hujaza pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Harvard ilitangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2025/2026, familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka, yaani karibu shilingi milioni 13 za Kenya, haitalipa chochote cha karo, chakula wala malazi. Fundi seremala wa Kisauni yuko mbali sana chini ya kiwango hicho. Hivyo chuo chenye bei kubwa kabisa kinaweza kuwa chepesi kuliko vyote kwa mnyonge, shida ikiwa ni kuingia. Katika vyuo hivyo vyote 6, wanaokubaliwa hawafiki 10 katika kila waombaji 100.

Vyuo vingine hujaza pengo lote pia, lakini hupima uwezo wa mwombaji wa kigeni kabla ya kumkubali. Maana yake ni kwamba anayehitaji fedha nyingi hushindana kwa nafasi chache zaidi. Na kipo Chuo cha Berea katika jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855, ambacho hakimtozi karo mwanafunzi yeyote, na kila mwanafunzi hufanya kazi kwa saa maalumu kila wiki kama sehemu ya malezi yake. Wageni wanaochukuliwa huko kila mwaka ni wachache sana.

Safu tatu katika karatasi moja

Shangazi wa Kisauni aliwafundisha watu wa nyumba yake njia ambayo tunaipendekeza kwa kila msomaji. Chukua karatasi, upige mistari ya safu tatu. Ya kwanza iandikwe gharama yote ya mwaka, si karo peke yake. Ya pili iandikwe ufadhili ambao hautarudishwa. Ya tatu iandikwe kinachobaki. Kisha rudia kwa miaka 4.

Kwa binti yetu, dola 58,000 ukitoa 24,000 zinabaki 34,000. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 4.3 kwa mwaka mmoja. Lakini hesabu haiishii hapo. Ufadhili mwingi ni wa kiasi kilekile kila mwaka, ilhali karo hupanda. Tukikadiria kwamba gharama inapanda kwa asilimia 4 kila mwaka, mwaka wa pili utakuwa dola 60,320, wa tatu karibu dola 62,730, na wa nne zaidi ya dola 65,200. Jumla ya miaka 4 inapita dola 246,000. Ukitoa zile 96,000 za ufadhili, familia inabakiwa na deni la dola 150,000 na ushei. Kiwanja cha Mtwapa kingemaliza mwaka wa kwanza kwa shida, na baada yake hakungekuwa na kiwanja wala njia ya kumaliza shahada.

Yapo mambo mengine ambayo hayamo katika barua. La kwanza ni sharti la kuendelea. Ufadhili wa ufaulu kwa kawaida humtaka mwanafunzi adumishe wastani fulani wa alama, mara nyingi 3.0 au zaidi katika kipimo cha 4.0. Kijana aliyeongoza shuleni kwake huenda akatetereka katika muhula wa kwanza kwa sababu ya baridi, upweke na mfumo mpya wa masomo. Mzazi aulize mapema: akishuka, anaondolewa mara moja au anapewa muda wa kujirekebisha?

La pili ni kodi. Sheria ya Marekani huhesabu sehemu ya ufadhili inayolipia chakula na malazi kuwa ni kipato, na mwanafunzi wa kigeni hukatwa asilimia 14 ya sehemu hiyo. Aliyepewa dola 15,000 za malazi na chakula anaweza kudaiwa dola 2,100. Hata mwenye ufadhili wa gharama yote yafaa aulize kama chuo chake humsaidia kwa hilo.

La tatu ni viza. Chuo hakitoi fomu ya I-20, ambayo ndiyo msingi wa viza ya mwanafunzi, mpaka familia ionyeshe ushahidi wa fedha za kuziba pengo la mwaka wa kwanza. Juu yake kuna ada ya dola 350 ya mfumo wa SEVIS, ada ya viza yenyewe, na nauli. Kanuni za viza nazo hubadilika, mara nyingine ghafla, basi zithibitishwe ubalozini kabla ya kulipa lolote. Na asiwepo wa kusema kwamba kijana atafanya kazi ajilipie. Mwenye viza ya masomo kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kipato hicho hununua sabuni na vitabu, hakilipi karo.

Pengo na mkopo wa riba

Pengo linapoonekana, neno linalofuata huwa ni mkopo, na hapo ndipo suala hili linapogusa dini ya msomaji wetu. Mikopo ya wanafunzi nchini Marekani ni ya riba, na ile ya makampuni binafsi mara nyingi humtaka mgeni awe na mdhamini mkazi wa huko. Nyumbani pia, mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutozwa asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hatukai hapa kutoa fatwa, kwani wanazuoni wetu wapo na wamelizungumzia. Tunachosema ni kwamba ufadhili wa sehemu, usiposomwa vizuri, huwa ni njia ya kuingia katika mkopo ambao familia haikuwa imeukusudia. Mzazi anayetaka kuepukana na riba anapaswa kuliuliza swali hilo mwanzoni, wakati wa kuchagua vyuo, na si mwezi wa Julai wakati mtoto amekwisha kuaga.

Ndugu zetu walioko Marekani kwenyewe wana suala lao. Katika mji wa Clarkston, karibu na Atlanta, wanaishi familia nyingi za wakimbizi, wakiwemo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Watoto wao wanaotimiza masharti ya ukaazi wanaweza kupata ufadhili wa HOPE wa jimbo la Georgia, ulioanza mwaka 1993 kwa wenye wastani wa 3.0 katika sekondari, na nyongeza iitwayo Zell Miller kwa wenye 3.7 na matokeo ya juu ya mtihani. Fedha zake hutokana na bahati nasibu ya jimbo. Je, mtoto wa Kiislamu azipokee? Wapo wanaotofautisha kati ya anayecheza kamari na anayepewa na serikali, na wapo wanaojizuia kabisa. Familia imuulize mwanazuoni inayemwamini, na imuulize mapema, ili mtoto asije akaachwa katikati ya wazazi wasiokubaliana.

Kalenda haimsubiri mtu

Wazazi wengi huanza kuuliza habari za ufadhili baada ya matokeo ya KCSE kutangazwa, na kwa miaka ya karibuni hilo limekuwa mwezi wa Januari. Lakini vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya awali mwanzoni mwa Novemba na yale ya kawaida mwanzoni mwa Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi wa Kenya huomba katika mwaka unaofuata mtihani wao. Mwaka huo wa kusubiri si hasara ukitumiwa vizuri. Ni muda wa kufanya mtihani wa SAT, kuandika insha na kukusanya vyeti. Wenye bidii zaidi huanza wakiwa kidato cha tatu.

Hapa mchango wa nyumba ni mkubwa kuliko fedha. Insha ya maombi humtaka kijana ajieleze: amekulia wapi, amebeba jukumu gani, ameshindwa wapi na akajifunza nini. Watoto wetu wamefundishwa kutojisifu, na hayo ni malezi mema. Lakini kueleza ukweli wa ulichofanya si kujisifu. Binti anayewasomesha wadogo zake hesabu kila usiku, au anayemsaidia mamake biashara ya mahamri tangu alfajiri kabla ya kwenda shule, ana habari ya kuandika. Tusiwaambie kwamba hayo ni mambo ya nyumbani yasiyofaa kutajwa.

Pia mwalimu atakayeandika barua ya mapendekezo apewe muda wa kutosha, na apewe heshima ya kuombwa kabla ya siku ya mwisho. Ada za maombi zisiwe kizuizi, kwani vyuo vingi humsamehe mwenye uhitaji akiomba. Kituo cha EducationUSA mjini Nairobi hutoa ushauri wa maombi, na programu ya KenSAP imekuwa tangu mwaka 2004 ikiwaandaa wanafunzi wa Kenya wenye alama za juu na uwezo mdogo ili waombe nafasi katika vyuo vya Amerika ya Kaskazini.

Tahadhari na wanaouza ufadhili

Penye matumaini hapakosi walaghai. Wapo wanaojiita mawakala, wenye ofisi nzuri na picha za wanafunzi wenye majoho, wanaodai malipo ili “kumhakikishia” mtoto ufadhili. Hakuna mtu anayeweza kuhakikisha jambo hilo. Ufadhili wa kweli haununuliwi, na chuo hakitumi namba ya simu ya mtu binafsi ili apelekewe fedha. Wengine huandika insha kwa niaba ya mwanafunzi au kubadilisha alama za vyeti. Huo ni udanganyifu, na chuo kikigundua hata mwaka wa tatu kinaweza kumfukuza mwanafunzi. Hakuna baraka katika elimu iliyoanza kwa cheti cha uongo.

Mashauri ya Kisauni

Turudi katika nyumba tuliyoanza nayo. Baada ya usiku ule, binti alikiandikia chuo kueleza hali ya familia yake kwa adabu na kuomba nyongeza. Hilo linaruhusiwa na halivunji heshima ya mtu. Chuo kilimjibu vizuri, kikaongeza dola 3,000. Safu ya tatu ikasomeka dola 31,000.

Walikaa pamoja tena, safari hii bila majirani. Babake alikuwa bado tayari kuuza kiwanja, na alisema hatajisamehe iwapo atakuwa yeye ndiye aliyemzuia mwanawe. Binti ndiye aliyekataa. “Baba, nikienda kwa kiwanja hicho nitarudi mwaka wa pili,” alimwambia. “Na nikirudi, mdogo wangu hatakuwa na cha kusomea.” Mamake alilia, na hatuoni aibu kulisema hilo, kwani kuikataa barua ya pongezi si jambo dogo kwa mtoto aliyesoma kwa taa ya chaji miaka minne.

Kwa alama zake alikuwa amepangiwa pia nafasi ya uhandisi katika chuo kikuu cha umma hapa nchini. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, serikali hupima uhitaji wa familia katika kugawa fedha zake. Alipata fungu la ufadhili lisilorudishwa, akaliacha lile la mkopo, na ukoo ukachanga kilichobaki. Mjomba wa Muscat aliigeuza nauli aliyoahidi kuwa karo. Leo binti huyo yuko mwaka wa pili, na anasema anakusudia kuomba Marekani tena kwa shahada ya uzamili, ambako wanafunzi wa sayansi na uhandisi mara nyingi hulipiwa karo na kupewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti.

Hatuisimulii habari yake ili kuwaambia wazazi kwamba watoto wasiombe vyuo vya mbali. Waombe, tena waombe kwa wingi na kwa mapema, na katika vyuo vyenye uwezo wa kuwalipia yote. Wapo watoto wa Pwani waliokwenda na kurudi na elimu inayotufaa sote. Tunachoomba ni kwamba furaha isiitangulie hesabu. Mtoto aliyekesha akisoma anastahiki wazazi wanaokesha wakisoma barua yake mpaka mwisho.

Katika nyumba ile ya Kisauni, karatasi yenye safu tatu bado imebandikwa ukutani karibu na meza ya kusomea. Mdogo wake aliye kidato cha tatu ameanza kuijaza. Safu ya kwanza ina majina ya vyuo 9 na gharama zake. Ya pili na ya tatu bado ziko wazi, na shangazi hupita kila Jumamosi kuzikagua.